Maswali ya Wasomaji: Je, visasili vya kale vinajua tulikotoka?

Safari hii tumechagua barua nne zilizotoka sehemu mbalimbali lakini zinazogusa jambo moja, nalo ni kama masimulizi ya kale kuhusu asili ya watu yanabeba ukweli, na ukweli wa aina gani. Barua ya kwanza imejibiwa kwa urefu kwa sababu zile zinazofuata zinaiegemea.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari. Kila ninapofika kwenye mada ya chimbuko la binadamu, wanafunzi wangu huniuliza jambo ambalo sijapata kulijibu kwa namna inayoniridhisha. Kitabu kinasema binadamu alianzia Afrika, na kinataja Olduvai na Laetoli. Babu zao wanawaambia kwamba asili yetu ni watu waliokuja kwa majahazi saba kutoka Shiraz, mji wa Uajemi (Iran ya leo). Misikitini na makanisani wanasikia habari za Adamu na Hawa. Wanataka kujua ni nani asemaye kweli. Je, masimulizi ya kale yana ukweli wowote kuhusu asili ya binadamu, au ni ngano za kuwalaza watoto tu? (Msomaji, Kilwa Masoko)

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Wanafunzi wako wameuliza maswali mawili kwa pamoja, na ugumu unaoupata unatokana na kuyajibu kana kwamba ni moja. Swali la kwanza ni asili ya binadamu wote: alitokea wapi, lini na kwa njia gani kiumbe huyu anayesema, anayezika wafu wake na kuwapa watoto wake majina. Swali la pili ni asili ya jamii fulani: watu hawa wa Kilwa, au wa Buganda, au wa Murang'a, walikusanyika vipi mpaka wakawa watu wamoja. Masimulizi ya kale hayana uwezo sawa mbele ya maswali hayo mawili. Kwa la kwanza, naamini hayatuambii chochote ambacho mtu aliyekuwapo alikiona na kukihifadhi. Kwa la pili, yanatuambia mengi kuliko wasomi wengi wa kizazi kilichopita walivyokuwa tayari kukubali.

Tuanze na la kwanza kwa kupima umri. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa na kundi la Mary Leakey katika miaka ya 1970, ziliachwa kwenye majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.66 iliyopita na viumbe waliokuwa wakitembea wima kwa miguu miwili, ingawa ubongo wao ulikuwa bado mdogo. Fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 lina umri wa karibu miaka milioni 1.8, nalo ni la zamadamu, yaani kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, wa tawi lililokoma, wala si babu yetu wa moja kwa moja. Watu wa aina yetu wenyewe wanaonekana baadaye sana: mabaki ya Jebel Irhoud nchini Moroko yana umri wa karibu miaka 300,000, na yale ya Omo Kibish nchini Ethiopia yamepita miaka 200,000. Vinasaba vya watu wanaoishi leo vinathibitisha kwamba mizizi ya wote iko katika bara hili, na kwamba wale walioenea duniani walichanganyika kidogo na watu wengine wa kale waliowakuta huko, kama vile Neanderthal.

Sasa jiulize kumbukumbu inayopokezwa kwa mdomo inaweza kusafiri umbali gani katika wakati. Mifano mirefu inayojulikana inashangaza kweli. Watu wa Klamath, ambao ni wenyeji wa asili wa Oregon nchini Marekani, wanasimulia vita kati ya Llao, mkuu wa ulimwengu wa chini, na Skell, mkuu wa ulimwengu wa juu, vita vilivyokwisha kwa mlima kuporomoka na shimo lake kujaa maji. Wanajiolojia wanajua kwamba mlima Mazama ulilipuka na kuporomoka takriban miaka 7,700 iliyopita, ukaacha ziwa lenye kina kirefu liitwalo Crater Lake. Na katika pango la Fort Rock, lililo katika jimbo hilohilo, mwaka 1938 zilifukuliwa ndara zilizosukwa kwa magome, zikiwa zimelala chini ya tabaka la majivu ya mlipuko huo. Maana yake ni kwamba watu walikuwako katika nchi ile kabla mlima haujalipuka. Huko Australia nako, watafiti Patrick Nunn na Nicholas Reid walikusanya masimulizi ya wenyeji kutoka sehemu 21 za pwani, yote yakieleza nchi kavu iliyomezwa na bahari. Na bahari kweli ilipanda baada ya enzi ya barafu, ikatulia karibu na kiwango cha leo yapata miaka 7,000 iliyopita.

Wapo wataalamu wanaoona kwamba hesabu hizo ni za ukarimu mno. Lakini hata tukizipokea zote bila kubisha, tena tukaziongezea hadi miaka elfu kumi, bado tumefika kwenye sehemu moja tu kati ya thelathini za umri wa Homo sapiens, yaani watu wa aina yetu. Hakuna mnyororo wa wasimulizi uliowahi kuonyeshwa kuwa unavuka pengo lililobaki.

Ndiyo sababu sikikubali kisasili chochote kama ushuhuda kuhusu mtu wa kwanza. Chukua habari inayorudiwa katika mataifa mengi, kwamba mtu alifinyangwa kwa udongo. Wamisri wa kale walimchora mungu Khnum akimuumba mtu juu ya gurudumu la mfinyanzi. Wachina wanasimulia habari za mungu wa kike Nüwa na udongo wa manjano. Wababeli walisimulia mungu wa kike Aruru akimfinyanga mtu aitwaye Enkidu. Washilluk wa Sudan Kusini wanasema Muumba, Juok, alitumia udongo wa rangi mbalimbali, ndiyo maana watu wana rangi mbalimbali. Baadhi ya watu huuona mfanano huu kuwa dalili ya kumbukumbu moja ya kale sana. Mimi naona maelezo yaliyo karibu zaidi. Mfinyanzi ndiye fundi ambaye watu walimwona kila siku akitoa umbo katika kitu kisicho na umbo, na kila aliyewahi kuhudhuria maziko anajua mwili unaporudi. Gurudumu la Khnum ni chombo ambacho Wamisri walikuwa nacho katika karakana zao. Kisasili hicho kinasema kweli, lakini kweli yake inahusu watu waliokisimulia, kazi zao, na namna walivyouelewa udhaifu wa mwili.

Kuhusu Adamu na Hawa nitasema machache, kwa kuwa ukurasa huu si mimbari. Mwanafunzi anayeamini kwamba Mungu alimuumba mtu halazimiki kuiacha imani yake ili asome habari za Laetoli, kwa sababu vipimo vya miamba havijibu kwa nini mtu yupo wala anawajibika kwa nani. Nakuomba tu usiwaruhusu watafute tarehe ndani ya maandiko, na usiwaruhusu vilevile wadhani kwamba tarehe ya fuvu imebatilisha sala ya mama zao.

Sasa tuje kwenye majahazi saba, ambako wewe na wanafunzi wako mna bahati kuliko shule nyingi za Afrika Mashariki. Historia ya kale ya Kilwa imetufikia kwa muswada wa Kiarabu, kwa muhtasari wa Kireno uliochapishwa na João de Barros mwaka 1552, na kwa masimulizi ya Kiswahili yaliyochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Matoleo hayo hayakubaliani. Katika la Kiarabu, mfalme wa Shiraz anaota panya mwenye pua ya chuma akitafuna ukuta wa mji, anaifasiri ndoto hiyo kuwa ni dalili ya kuangamia kwa nchi yake, na anaondoka na wanawe sita katika vyombo saba, kila chombo kikaishia mahali pake. Katika la Kireno, kiongozi wa safari ni Ali, mtoto aliyedharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Katika la Kiswahili, anayemkaribisha mgeni ni mzee wa kisiwa, Mrimba, naye anamwoza binti yake. Jambo la kununua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka linajulikana na kila mtoto wa Kilwa. Wachache wanakumbuka kwamba muswada wa Kiarabu unataja pia Mwislamu mmoja aliyekutwa kisiwani pamoja na watu wake, na msikiti uliokuwako tayari.

Masimulizi haya yamewahi kusomwa kwa pupa mara mbili. Wakati wa ukoloni na muda mfupi baada yake, wanaakiolojia kama James Kirkman na Neville Chittick waliitazama miji ya mawe kwa sehemu kubwa kuwa ni kazi ya wageni, na hadithi ya Shirazi ikawa kama hati ya kuwanyima Waafrika sifa ya kujenga. Kisha mambo yakageuka. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akakuta misikiti imejengwa mmoja juu ya mwingine, na ule wa chini kabisa ulikuwa kijengo kidogo cha miti cha karne ya 8, ndani ya kijiji kilichokua polepole kutoka mizizi ya hapohapo. Wanaisimu nao wakaonyesha kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, na kwamba maneno ya kigeni hayakuubadilisha mwili wake wa Kibantu. Kuanzia hapo wanahistoria wengi, kwa haki kabisa, waliirudisha miji hii kwa Waafrika. Lakini baadhi yao walikwenda hatua moja zaidi wakasema kwamba Washirazi hawakuwahi kufika, na kwamba hadithi yote ilitungwa ili watu wakubwa wajipatie heshima.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa zamani, waliozikwa katika miji sita ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, pamoja na mji mmoja wa bara. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na mwanajenetiki David Reich. Matokeo yake yanastahili kusomwa darasani polepole. Kwa wengi wa watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya vinasaba vilitoka kwa wahenga wa Kiafrika, na wahenga hao kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake. Sehemu kubwa ya vilivyobaki ilitoka Asia, na kati ya hivyo vya Asia asilimia 80 hadi 90 vilitoka kwa wanaume wa Uajemi, huku India nayo ikiwa na mchango wake. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Baadaye chanzo cha Asia kilizidi kuwa Bara Arabu.

Tazama jinsi ushahidi huo unavyoyachambua masimulizi. Wageni wa Kiajemi walifika kweli, na walifika karibu na wakati ambao historia ya Kilwa inauelekeza. Walikuwa wanaume, na walioa hapa. Binti wa Mrimba, ambaye toleo la Kiswahili halikumsahau, ni taswira ya maelfu ya wanawake ambao watoto wao walizungumza lugha ya mama, ndiyo maana wewe na mimi tunaandikiana kwa Kiswahili na si kwa Kiajemi. Kwa upande mwingine, wageni hao hawakuanzisha maisha ya mijini pwani, kwa kuwa Shanga ilikwisha kuwa na watu na msikiti zaidi ya karne mbili kabla yao. Majahazi hayakung'oa nanga Shiraz, kwa sababu mji huo uko mbali na bahari. Bandari iliyojulikana ya upande ule ilikuwa Siraf, na jina la Shiraz huenda lilisimama badala ya nchi nzima. Idadi ya saba ni idadi ya wasimulizi.

Ipo tahadhari moja usiiache. Makaburi mengi yaliyochunguzwa ni ya watu wenye hadhi, yaliyo karibu na misikiti, hivyo hayawasemei wavuvi na wakulima wote wa zama zile, na watafiti wenyewe wanasema kwamba mchanganyiko wa baadaye umewabadilisha tena watu wa pwani wa leo. Mwanafunzi asitoke darasani akidhani amepimwa damu.

SWALI: Mwalimu, heshima kwako. Sisi Waganda tumefundishwa kwamba Kintu ndiye mtu wa kwanza, aliyeishi peke yake na ng'ombe wake mpaka Nambi binti Ggulu aliposhuka kutoka mbinguni. Lakini Kintu huyohuyo anatajwa kuwa Kabaka wa kwanza. Mtu anawezaje kuwa mfalme kama hakukuwa na watu wa kutawala? Je, kulikuwa na Kintu wa kweli? (Msomaji, Masaka)

JIBU: Swali lako limegusa mahali hasa ambapo kisasili hiki kimeungwa, na wasimulizi wa Buganda wenyewe hawakuficha kiungo hicho. Upande mmoja kuna Kintu wa mbinguni: Ggulu anampa majaribu, anashinda, anapewa Nambi, wanaonywa wasirudi nyuma kwa sababu yoyote, na Nambi anarudi kuchukua nafaka ya ulezi ya kumlisha kuku wake, ndipo kaka yake Walumbe, ambaye ni Mauti, anapowafuata duniani. Kayikuzi, kaka mwingine wa Nambi, anatumwa kumkamata, anamfukuza hadi Ttanda, na Walumbe anatokomea ardhini. Upande wa pili kuna Kintu wa vita: anafika nchini na watu wake, anamkuta mtawala aitwaye Bemba, anayesemwa kuwa ni nyoka, anamshinda na kuanzisha utawala. Tena kuna koo za Buganda, miongoni mwazo Ffumbe na Lugave, ambazo hujitambulisha kuwa zilikuwako nchini kabla ya Kintu, na hakuna anayeziona kuwa zinakufuru kwa kusema hivyo.

Watu wenye mapokeo kama haya hawakuwa wakidai kwamba Kintu ni binadamu wa kwanza duniani kwa maana anayoitafuta mwanabiolojia. Walikuwa wakisema kwamba yeye ni mwanzo wa utaratibu wao: ufalme, koo zilizokubali kukaa chini ya kiti kimoja, ndoa yenye masharti, na mauti ambayo haikwepeki lakini uzazi unashindana nayo. Katika simulizi hiyo Kintu mwenyewe hujibu kwamba Walumbe hataweza kuwamaliza watoto wake wote, kwa kuwa Nambi ataendelea kuzaa. Sijui maneno mengi kuhusu binadamu yaliyo sahihi kuliko hayo, na hayahitaji mfupa wa kuyathibitisha.

Kuhusu umri wa simulizi, vitu vilivyomo ndani yake vinatoa ushahidi usiotarajiwa. Kuku wa Nambi ni mfano mzuri: kuku alifugwa kwanza Asia ya Kusini-Mashariki, na hakufika katika eneo la Maziwa Makuu ila katika milenia chache zilizopita. Kwa hiyo simulizi yenye kuku anayesubiri ulezi, kwa sura tunayoijua, ni ya wakulima na wafugaji wa zama za karibu, hata kama sehemu zake nyingine zina mizizi mirefu zaidi. Njia hii ya kuuliza ni vitu gani vimo ndani ya simulizi imenisaidia kuliko kubishana kama muujiza uliwezekana.

Je, kulikuwa na mtu aliyeitwa Kintu? Naona inawezekana kabisa kwamba nyuma ya Kintu wa vita yupo kiongozi, au viongozi kadhaa waliounganishwa katika jina moja, waliojenga muungano wa koo katika nchi ambayo tayari ilikuwa na wenyewe. Kumtafutia mwaka wa kuzaliwa ni kazi ambayo orodha za wafalme haziwezi kuibeba.

SWALI: Mwalimu, nilikuwa kijana mwaka 1994, na niliiona miili ya watu ikishuka na Mto Kagera. Baadaye nilisoma kwamba waliouawa waliambiwa kuwa wao ni wageni waliotoka Ethiopia. Ninyi waandishi mnasifu hadithi za asili. Mimi naona zimeua watu. Si bora tungeziacha zife? (Msomaji, Karagwe)

JIBU: Pole sana, ndugu yangu, na asante kwa kuandika. Barua yako inanilazimisha kusema wazi jambo ambalo wapenzi wa masimulizi ya asili hupenda kulipita.

Maneno uliyoyasoma yalisemwa kweli. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya nchini Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia mkutano wa hadhara kwamba Watutsi asili yao ni Ethiopia na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mkato, kupitia Mto Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake katika Kagera, na Kagera katika Ziwa Victoria. Uliyoyaona yalikuwa maneno hayo yakitekelezwa. Mahakama nchini Rwanda ilimhukumu Mugesera kifungo cha maisha mwaka 2016.

Lakini tuulize hadithi hiyo ilitoka wapi. Mzungu John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu chanzo cha Mto Naili, ndiye aliyeieneza dhana kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu lazima wawe wametoka kaskazini, katika jamii bora ya uzao wa Hamu mwana wa Nuhu, kwa sababu hakuweza kuamini kwamba watu weusi wa hapa wangejenga falme alizoziona. Wamisionari na maofisa waliomfuata waliigeuza dhana hiyo kuwa elimu, na serikali ya Kibelgiji katika miaka ya 1930 ikaandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake. Kilichoua, basi, kwa sehemu kubwa kilikuwa kisasili cha Ulaya kilichovikwa joho la sayansi, kikapandwa juu ya masimulizi ya Kinyarwanda.

Nasema kwa sehemu kubwa, kwa kuwa masimulizi ya wenyeji nayo hayakuwa safi. Ipo simulizi maarufu ya ndugu watatu, Gatwa, Gahutu na Gatutsi, waliokabidhiwa maziwa wayalinde usiku kucha. Wa kwanza aliyanywa, wa pili alisinzia akayamwaga, wa tatu akayatunza hadi asubuhi, akapewa utawala. Hiyo ni simulizi ya ikulu, na inasema kile ambacho ikulu ilitaka kiaminiwe. Hata hivyo, ndani yake limebaki jambo ambalo wachochezi wa miaka ya 1990 hawakulitaka: watatu hao ni watoto wa baba mmoja, wamelala chini ya paa moja, na lugha yao ni moja.

Kwa hiyo sikubaliani nawe kwamba ziachwe zife, kwa sababu simulizi inayoachwa haifi. Huchukuliwa na mtu mwenye nia yake, na watu wasiojua matoleo mengine hawana cha kumjibu. Ninakubaliana nawe kikamilifu katika hili: hakuna ushahidi wa asili, uwe wa wazee, wa kaburi au wa maabara, unaompa mtu haki ya kumwambia jirani yake arudi kwao. Matokeo ya vinasaba niliyoyaeleza katika jibu la kwanza nayo yanaweza kutumiwa vibaya hapa pwani, kwa mwenye kutaka kusema kwamba fulani ni Mwajemi na fulani si mwenyeji halisi. Siasa za Zanzibar za miaka ya 1950 na 1960 zilishatuonyesha jinsi orodha za asili zinavyogeuka kuwa orodha za watu wa kuchukiwa. Walimu wanaofundisha mada hii wana wajibu wa kulisema hilo katika kipindi kilekile wanachotaja tarehe na asilimia, bila kungoja somo la uraia.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Muscat, lakini bibi yangu yuko Makunduchi, na anasimulia asili ya ukoo wetu tangu watu wa kwanza waliofika kijijini. Ana umri mkubwa. Nikienda likizo nataka kumrekodi. Niulize nini ili ukweli usipotee? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na usichelewe. Kwanza mwache asimulie kwa mpango wake mpaka amalize, bila kumkatiza wala kumsahihisha kwa ulichosoma kwenye intaneti. Namna anavyopanga mambo ni sehemu ya habari. Akimaliza, muulize aliisikia kwa nani, na huyo aliisikia kwa nani, na kama kuna sehemu ambazo kwa kawaida hazisemwi mbele ya watu wa nje, ambazo utaziheshimu kwa kutozirekodi bila ridhaa yake. Muombe akutajie visima, makaburi, mizimu, miti na mashamba yanayohusika, kisha uende na mtu wa kijijini ukaone mahali penyewe.

Baadaye, kwa adabu, tafuta mzee wa ukoo mwingine hapohapo kijijini umsikilize kuhusu mambo yaleyale. Matoleo yakigongana, andika yote mawili na usijaribu kuyapatanisha, kwani mahali yanapogongana ndipo mara nyingi kuna mgogoro wa zamani wa ardhi, ndoa au uongozi ambao ni historia halisi.

Zaidi ya yote, muulize majina ya wanawake. Nasaba zetu za pwani hutajwa kwa baba hadi baba, na kila kizazi kinachopita huondoka na jina la mke aliyekuwa mwenyeji wa mahali hapo, pamoja na kijiji chake na watu wake. Bibi yako huenda ndiye wa mwisho katika familia anayewajua mama wa mama zake. Andika majina hayo kama anavyoyatamka, pamoja na kijiji cha kila mmoja, tarehe ya mazungumzo na jina la aliyekuwapo, na akikubali, nakala moja ipeleke katika Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, Kilimani, nyingine ibaki kwa watoto wa nyumba hiyo.